Lugha Juu ya Lugha: Historia ya Kuchagua na Kuunganisha Lugha za Programu katika Ukokotoaji wa Kisayansi, 1954–2023

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna wanasayansi walivyochagua lugha za programu na kuziunganisha katika kazi za ukokotoaji, tangu kuanza kwa mradi wa Fortran mwaka 1954 hadi mwaka 2023. Masimulizi yaliyozoeleka huieleza historia hiyo kama mfululizo wa warithi: Fortran ikaondoka, C ikaingia, kisha Python ikatawala. Kwa kufuatilia maktaba za aljebra ya mstari, insha inadai kwamba lugha hizo hazikurithiana bali zilipandana kwa matabaka, na kila tabaka jipya liliendelea kuishi kwa jasho la lililotangulia. Insha inaonesha zaidi kuwa udhaifu mkubwa wa mpangilio huo haumo ndani ya lugha yoyote, bali katika mipaka baina yake, ambako mapatano mengi hayakuandikwa. Tukio la mwaka 2019 kuhusu R, LAPACK na kompaila ya gfortran linatumika kuthibitisha hoja hiyo. Insha inahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuripoti ukokotoaji katika tasnifu.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kutatua mfumo wa milinganyo ya mstari kwa lugha ya Python huandika mstari mmoja tu wa msimbo, akaita kitendaji kiitwacho solve kilichomo katika maktaba ya NumPy. Mwenzake anayetumia lugha ya R naye huita kitendaji chenye jina hilohilo. Wawili hao wanaweza kubishana siku nzima kuhusu lugha ipi ni bora. Hata hivyo, matriksi yao ikiwa ya kawaida na namba zake zikiwa halisi, miito yao yote miwili huishia mahali pamoja, yaani kwenye subrutini ya maktaba ya LAPACK iitwayo DGESV.

Jina hilo lina historia yake. Herufi D inaashiria namba zenye usahihi maradufu, GE inaashiria matriksi ya jumla isiyo na umbo maalumu, na SV inaashiria utatuzi. Ufupi wake haukutokana na uvivu wa waandishi. Viwango vya Fortran vya mwaka 1966 havikuruhusu jina lizidi herufi sita, na kikomo hicho kilirithiwa kutoka kwa kompyuta ya IBM 704, ambayo neno lake la kumbukumbu lilikuwa na biti 36 na kila herufi ilichukua biti sita. Kwa hiyo, umbo la mashine ya miaka ya 1950 lingali linasomeka ndani ya programu inayoendeshwa leo na mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa Fortran. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Insha hii inafungua mlango huo.

Swali kuu linaloongoza insha ni hili: wanasayansi walipochagua lugha za programu, walikuwa wakichagua nini hasa? Swali hilo linazaa mengine mawili. Kwanza, kwa nini lugha za zamani hazikuondoka pale zilipokuja mpya zilizopendwa zaidi? Pili, ni gharama gani imelipwa kwa kuziunganisha, na imelipwa na nani?

Uchunguzi umewekewa mipaka katika aljebra ya mstari kwa sababu mbili. Karibu kila tawi la sayansi linalotumia kompyuta, kuanzia utabiri wa hali ya hewa hadi takwimu za uzazi wa mimea, hatimaye hutatua milinganyo ya aina hiyo. Aidha, maktaba zake zimeacha kumbukumbu zilizochapishwa kwa uwazi kwa zaidi ya miaka hamsini. Kuhusu istilahi, neno kompaila linatumika kwa maana ya programu inayofasiri msimbo kutoka lugha ya binadamu mwandishi kwenda lugha ya mashine, na neno kiolesura kwa maana ya mahali ambapo programu mbili hukutana na kupokezana data.

2.0 Fortran na Hofu ya Kupoteza Kasi, 1954–1966

Mwishoni mwa mwaka 1953, John Backus wa kampuni ya IBM alimwandikia mkuu wake, Cuthbert Hurd, kupendekeza utafiti wa kurahisisha uandishi wa programu. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyatoa baadaye, gharama ya waandishi wa programu katika kituo cha kompyuta ilikuwa angalau sawa na gharama ya kompyuta yenyewe, na baina ya robo na nusu ya muda wa mashine ilitumika kusaka makosa. Kazi ilianza mwaka 1954. Makisio ya awali yalikuwa miezi michache. Mfumo ulikabidhiwa kwa watumiaji mwezi Aprili 1957.

Ucheleweshaji huo unaeleweka tukiangalia kikwazo ambacho kundi la Backus lilijiwekea. Kabla ya IBM 704, mashine nyingi hazikuwa na maunzi ya kukokotoa namba za desimali. Hesabu hizo zilifanywa kwa subrutini zilizokuwa za polepole sana. Mifumo ya kurahisisha uandishi iliweza basi kujificha nyuma ya uzito huo, kwa kuwa uzembe wake haukuonekana. IBM 704 ilikuja na maunzi ya desimali na rejista za faharisi, na maficho yakaondoka. Lugha yoyote ambayo ingetoa msimbo wa polepole kuliko ule ulioandikwa kwa mkono ingekataliwa na watumiaji waliolipia kila saa ya mashine. Ndiyo maana nguvu kubwa ya kundi hilo iliwekwa katika kompaila, wala si katika uzuri wa lugha. Backus mwenyewe alikiri kwamba muundo wa lugha haukuwapa shida kubwa. Shida ilikuwa kuzalisha msimbo wenye kasi.

Jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka ni toleo la pili. FORTRAN II, iliyotoka mwaka 1958, iliwezesha subrutini kufasiriwa moja moja na kuunganishwa baadaye, zikiwemo zile zilizoandikwa kwa lugha ya asembli. Hii ina maana kwamba uunganishaji wa lugha haukuwa ugonjwa wa uzeeni. Ulikuwapo mwaka mmoja tu baada ya Fortran kuzaliwa, na uliingizwa kwa makusudi: sehemu ndogo inayokula muda mwingi iandikwe kwa lugha iliyo karibu na mashine, na sehemu kubwa inayobadilika mara kwa mara iandikwe kwa lugha iliyo karibu na mwanasayansi. Mgawanyo huo wa kazi ndio utakaorudi katika kila kipindi kinachofuata.

Mwaka 1966 Fortran ilipata viwango rasmi nchini Marekani, ikawa lugha ya kwanza ya programu kupewa hadhi hiyo. Faida yake haikuwa kasi bali usafiri: msimbo ulioandikwa kwa mashine ya kampuni moja ulianza kuwa na matumaini ya kufanya kazi kwenye mashine ya kampuni nyingine.

3.0 Lugha ya Kusomwa na Lugha ya Kuendeshwa, 1960–1992

Barani Ulaya, wanahisabati wengi walichagua njia tofauti. Lugha ya ALGOL 60, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1960, ilikuwa safi kimuundo na ilifaa kuchapishwa majaridani kama lugha ya kueleza algoriti. James Wilkinson wa Uingereza na Christian Reinsch wa Ujerumani waliitumia katika kitabu walichokihariri mwaka 1971, ambacho kilikusanya algoriti bora za wakati huo za kutatua milinganyo na kutafuta thamani za aigeni za matriksi.

Algoriti hizo zilikuwa na thamani kubwa, lakini vituo vingi vya kompyuta vya Marekani havikuendesha ALGOL. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, maabara ya taifa ya Argonne katika jimbo la Illinois iliongoza kazi ya kuzigeuza kuwa Fortran, na matokeo yake yakaitwa EISPACK. Hapa tunaona uchaguzi wa lugha ukiamuliwa na watu wawili wenye haja tofauti. Msomaji alitaka uwazi wa ALGOL. Mwendeshaji alitaka kompaila iliyokwisha kuwapo katika kituo chake. Mwendeshaji akashinda, ingawa maarifa yenyewe yalitoka kwa msomaji.

Ugeuzaji haukuwa wa neno kwa neno. Fortran huhifadhi matriksi katika kumbukumbu kwa kufuata safuwima: hukamilisha safuwima ya kwanza, kisha ya pili, na kuendelea. Mwaka 1972 Cleve Moler alionesha kwamba programu ya Fortran inayopita matriksi kwa safumlalo hulazimisha mashine kurukaruka katika kumbukumbu na kupoteza muda mwingi, na kwamba mpangilio wa mizunguko ya ndani unapaswa kufuata safuwima. Fundisho lake ni pana kuliko lilivyoonekana wakati ule. Lugha ya programu si mavazi tu yanayovishwa wazo la kihisabati. Huamua data inakaa wapi, na mahali inapokaa huamua algoriti ipi itafaa.

Hatua iliyofuata ndiyo muhimu kuliko zote katika historia hii. Mwaka 1979 Charles Lawson, Richard Hanson, David Kincaid na Fred Krogh walichapisha BLAS, yaani orodha ya subrutini ndogo za msingi za aljebra ya mstari, kama vile kuzidisha vekta kwa namba na kuijumlisha na nyingine. Walichokichapisha kwa hakika kilikuwa mapatano. Waliainisha jina la kila subrutini, mpangilio wa vigezo vyake na maana ya matokeo yake, wakatoa msimbo wa mfano kwa Fortran pamoja na matoleo ya asembli kwa baadhi ya mashine. Aliyeandika programu ya juu hakuhitaji kujua ni nani aliyeandika ya chini, wala kwa lugha gani. LINPACK, ambayo mwongozo wake ulitoka mwaka huohuo, ilijengwa juu ya mapatano hayo.

Mashine zilipobadilika, mapatano yalipanuliwa badala ya kuvunjwa. Katika miaka ya 1980 prosesa zilianza kuwa na kasi kuliko kumbukumbu zilizozilisha, na ikawa ghali zaidi kuleta namba kuliko kuizidisha. Ngazi ya pili ya BLAS ilichapishwa mwaka 1988 na ya tatu mwaka 1990. Ngazi ya tatu ilishughulikia uzidishaji wa matriksi kwa matriksi, ambako idadi ya hesabu hukua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa wakati data hukua kwa kipeo cha pili tu. Hivyo kila namba iliyoletwa karibu na prosesa hutumika mara nyingi kabla ya kurudishwa. LAPACK, iliyotolewa mwaka 1992, iliziunganisha upya kazi za EISPACK na LINPACK juu ya ngazi hiyo.

Tangu hapo, wajuzi wa mashine waliweza kuandika upya tabaka la chini bila kuligusa la juu. Mfano mashuhuri ni GotoBLAS ya Kazushige Goto, ambayo viini vyake viliandikwa kwa asembli kwa kuzingatia kila aina ya prosesa, na ambayo ilizaa OpenBLAS inayotumika sana leo. Lugha ya asembli, ambayo Fortran ilidhaniwa kuizika mwaka 1957, ilikuwa hai chini ya sakafu.

4.0 Lugha za Mazungumzo, 1976–2000

Maktaba hizo zilikuwa imara, lakini hazikuwa rahisi kwa kila mtu. Ili kutatua mfumo mdogo wa milinganyo, mwanafunzi alilazimika kuandika programu nzima ya Fortran, kutangaza ukubwa wa matriksi, kuifasiri, kuiunganisha na maktaba na kusoma matokeo yaliyochapishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha New Mexico, aliandika programu iliyowawezesha wanafunzi wake kuzitumia LINPACK na EISPACK bila kuandika Fortran. Aliiita MATLAB. Programu yenyewe iliandikwa kwa Fortran, na ilijua aina moja tu ya data: matriksi.

Katika Bell Labs, John Chambers na wenzake walikuwa wakielekea upande huohuo kwa njia ya takwimu. Lugha yao ya S, iliyoanza mwaka 1976, ilibuniwa tangu mwanzo kama kiolesura cha kuzifikia subrutini za Fortran ambazo kundi lao lilikuwa nazo tayari. S haikukusudiwa kuchukua nafasi ya Fortran. Ilikusudiwa kumwezesha mwanatakwimu kuzungumza nayo bila kushughulikia vigezo vyake vyote. Baadaye Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland, New Zealand, walibuni R kwa kufuata sura ya S, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000.

Lugha ya C iliingia katika uwanja huu kwa mlango wa pembeni. Dennis Ritchie aliibuni Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuandika mifumo ya kompyuta, hasa Unix. Haikuwa na upendeleo wowote kwa namba. Hata hivyo, kadiri Unix na kompyuta ndogo zilivyoenea, C ilikuwa lugha ya mfumo wenyewe, na kila lugha nyingine ililazimika kujua namna ya kuzungumza nayo. MATLAB iliandikwa upya kwa C ilipogeuzwa kuwa bidhaa na kampuni ya MathWorks, iliyoanzishwa mwaka 1984. Kisha, katika toleo la sita la mwaka 2000, ilikubali LAPACK, kazi ya Fortran, kuwa msingi wake. Kwa hiyo C haikuirithi Fortran. Ilikuwa dalali aliyekaa katikati, akimpelekea mwenye hesabu maombi ya mwenye swali.

5.0 Python kama Gundi, 1995–2006

Guido van Rossum alianza kuiandika Python mwishoni mwa mwaka 1989 katika taasisi ya CWI mjini Amsterdam, na ikatolewa kwa umma mwaka 1991. Haikubuniwa kwa ajili ya sayansi, na kwa kipimo cha Backus ilistahili kukataliwa: mzunguko wa hesabu ulioandikwa kwa Python tupu ni wa polepole sana ukilinganishwa na ule wa Fortran, kwa kuwa kila namba ni kitu kamili kinachopaswa kukaguliwa aina yake kabla ya kujumlishwa. Sababu za kukubaliwa kwake zinapaswa kutafutwa kwingine.

Sababu ya kwanza ni kwamba kufikia miaka ya 1990, gharama zilikuwa zimepinduka. Saa ya mashine ilikuwa rahisi na saa ya mwanasayansi ilikuwa ghali. Na saa nyingi za mashine zilitumika ndani ya subrutini chache ambazo tayari zilikuwa zimeandikwa vizuri. Lugha ya juu ikiwa ya polepole katika kutoa amri, lakini amri moja ikafanya kazi ya mamilioni ya hesabu, uzembe wake hauonekani. Maficho ambayo IBM 704 iliyaondoa yalirudi, safari hii kwa makusudi.

Sababu ya pili ni kiolesura cha Python na C, kilichokuwa wazi kwa yeyote. Mwaka 1995 Jim Hugunin, akisaidiana na wenzake, alianza kuandika Numeric, maktaba iliyoipa Python matriksi halisi. Pearu Peterson wa Estonia aliandika F2PY, chombo kinachosoma msimbo wa Fortran na kuzalisha chenyewe msimbo wa C unaouunganisha na Python. Mwaka 2001 Travis Oliphant, Eric Jones na Peterson waliunda SciPy, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa nyumba mpya ya maktaba kongwe: MINPACK, QUADPACK, ODEPACK na FFTPACK, zote za Fortran. Msomaji wa SciPy aliona Python. Mashine iliona kazi ya miaka ya 1970 na 1980.

Mafanikio hayo yalitikiswa na mgawanyiko. Taasisi ya Space Telescope Science Institute, iliyohitaji kushughulikia picha kubwa za anga, iliandika maktaba nyingine ya matriksi iitwayo numarray. Kwa miaka kadhaa watumiaji walilazimika kuchagua, na programu zilizoandikwa kwa moja hazikupokea kwa urahisi data za nyingine. Oliphant aliziunganisha katika NumPy, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006. Uamuzi muhimu wa kiufundi ndani yake ni kwamba kila jedwali la data hubeba maelezo ya namna lilivyopangwa katika kumbukumbu: ni hatua ngapi za kuruka ili kufika safumlalo inayofuata, na ngapi ili kufika safuwima inayofuata. Kwa njia hiyo, jedwali moja huweza kusomwa kwa desturi ya C au ya Fortran bila kunakiliwa.

Uamuzi huo ulitatua tatizo ambalo ni rahisi kulidharau. Desturi ya C ni kupanga matriksi kwa safumlalo na kuanza kuhesabu kwa sifuri. Desturi ya Fortran ni kupanga kwa safuwima na kuanza kwa moja. Programu ya C ikimkabidhi Fortran matriksi bila tahadhari, Fortran huisoma ikiwa imepinduliwa, safumlalo zikawa safuwima. Matriksi isipokuwa ya mraba, ukubwa hautalingana na kosa litajitangaza. Ikiwa ya mraba, programu itaendelea kimya na kutoa jibu la swali jingine. Na ikiwa matriksi ya majaribio ni linganifu, kama zilivyo nyingi za takwimu na fizikia, kupinduliwa kwake hakubadilishi chochote, na kosa litapita majaribio yote likingojea siku ya kazi yenyewe.

6.0 Gharama ya Mpaka: Tukio la Mwaka 2019

Kosa la mpangilio wa matriksi angalau linajulikana na linafundishwa. Lililo zito zaidi ni pale mapatano ya mpakani yanapokuwa hayajaandikwa kabisa. Tukio la mwaka 2019 linaonesha jambo hilo bayana.

Subrutini nyingi za LAPACK hupokea kigezo chenye herufi moja. Kwa mfano, herufi U au L humweleza mtendaji kama atumie sehemu ya juu au ya chini ya matriksi. Katika Fortran, neno lolote hubeba urefu wake, na kompaila nyingi hutimiza hilo kwa kuongeza kigezo kilichofichika mwishoni mwa mwito, ambacho hakionekani katika msimbo. Waandishi wa C waliojifunza kuita LAPACK waliona kwamba herufi ni moja daima, kwamba subrutini haiulizi urefu, na kwamba mwito hufanya kazi bila kigezo hicho. Wakakiacha. Desturi hiyo ilienea hadi katika violesura rasmi vya C vya BLAS na LAPACK, na katika R, na ikadumu kwa miongo.

Kisheria, miito hiyo ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza; ilifanya kazi kwa bahati. Mwaka 2019, matoleo mapya ya kompaila ya gfortran yalianza kutumia mbinu ya kuharakisha miito inayofanywa mwishoni mwa subrutini. Kompaila iliamini kwamba nafasi ya kumbukumbu ya kigezo kilichofichika ipo, kwa kuwa kanuni zake zinasema iwepo, ikaitumia tena kuandikia thamani nyingine. Kwa mwitaji ambaye hakuitenga nafasi hiyo, thamani iliandikwa juu ya data zake mwenyewe. Tatizo lilijitokeza wakati wa kukagua vifurushi vya R, pale programu zilizokuwa zikifanya kazi kwa miaka zilipoanza kuanguka.

Kila upande ulikuwa na hoja. Watunzaji wa kompaila walifuata kanuni ya lugha; watunzaji wa R walitegemea desturi ya miongo iliyokuwa kila mahali. Suluhisho likawa la pande zote mbili: gfortran ikaongezewa namna ya kuizuia mbinu hiyo mahali palipo na hatari, na R ikarekebisha miito yake ili ipitishe urefu uliofichika. Inafaa kukumbuka kwamba viwango vya Fortran vya mwaka 2003 vilikuwa vimeshaweka njia rasmi ya kuungana na C. Lakini LAPACK ilikuwa imezaliwa mapema zaidi, na njia rasmi haikuwarudia waliokwisha kupita njia ya mkato.

Tukio hili linadhihirisha hoja ya insha kuliko jingine lolote. Hakuna subrutini ya LAPACK iliyokuwa na kosa la hesabu. R ilikuwa salama ikichunguzwa peke yake, na kompaila ilikuwa salama ikichunguzwa peke yake. Hatari ilikaa baina yao, mahali ambapo hakuna lugha inayomiliki na kwa hiyo hakuna kompaila inayokagua. Ilipogunduliwa, walioweza kuieleza walikuwa wachache wanaojua Fortran, C na lugha ya mashine kwa pamoja. Jopo la namna hiyo halizalishwi na mtaala unaofundisha tabaka la juu peke yake.

7.0 Jaribio la Lugha Moja: Julia, 2012–2023

Kama mpaka ndio wenye hatari, suluhisho la wazi ni kuufuta. Hilo ndilo lililokusudiwa na Jeff Bezanson, Stefan Karpinski, Viral Shah na Alan Edelman walipoitangaza lugha ya Julia mwezi Februari 2012. Walikerwa na hali ambapo mwanasayansi huandika wazo lake kwa lugha nyepesi, kisha hulazimika kuliandika upya kwa lugha ya kasi. Julia hufasiri msimbo kuwa lugha ya mashine wakati programu inapoendeshwa, kwa kuzingatia aina za data zilizopo, na mzunguko wa kawaida ulioandikwa ndani yake huweza kukaribia kasi ya C. Toleo la 1.0 lilitoka mwezi Agosti 2018.

Mafanikio ya Julia ni ya kweli katika tabaka la mwanasayansi. Hata hivyo, ukiingia ndani unakuta matabaka yaleyale. Kwa aljebra ya mstari husafirishwa na OpenBLAS, yenye asembli, C na LAPACK ya Fortran. Uzalishaji wa msimbo wa mashine hufanywa na LLVM, iliyoandikwa kwa C++. Kichanganuzi cha sarufi yake kiliandikwa kwa lahaja ya Scheme, na ni katika toleo la 1.10 la Desemba 2023 ndipo kilichoandikwa kwa Julia kilipokuwa cha kawaida. Hili si lawama kwa waasisi wake. Walifanya alichofanya kila mbunifu tangu Moler: walikataa kuandika upya kilichokwisha kuthibitishwa.

Upande wa pili, si kila tabaka la zamani hubaki. Mwezi Desemba 2019 SciPy iliweka utekelezaji mpya wa C++ mahali pa FFTPACK kwa ajili ya mageuzi ya Fourier. Python 3.12 ya mwaka 2023 iliondoa distutils, chombo cha ujenzi ambacho kwa miaka mingi kilihusika kuunganisha Fortran na Python. SciPy ilikuwa imeshahamia mfumo mwingine wa ujenzi mwaka mmoja kabla. Tunachojifunza ni kwamba tabaka huondolewa si kwa sababu ya uzee wake, bali pale gharama ya kulitunza na kuliunganisha inapozidi gharama ya kuliandika upya na kulithibitisha.

8.0 Hitimisho

Swali la utangulizi liliuliza wanasayansi walichagua nini walipochagua lugha za programu. Ushahidi unaonesha kwamba mara chache walichagua lugha kwa ajili ya lugha yenyewe. Walichagua maktaba zilizokwisha kuaminiwa, wakachagua namna ya kugawana muda baina ya mtu na mashine, na wakachagua, mara nyingi bila kujua, ni mipaka gani watakayoitegemea. Fortran ilidumu kwa sababu ya LAPACK. R na Python zilienea kwa sababu ziliifikia LAPACK kwa heshima. C ilibaki kati kwa sababu kila upande uliielewa. BLAS iliishi kuliko mashine zote zilizokuwapo ilipoandikwa kwa sababu mapatano yake yaliandikwa. Urefu wa herufi moja ulileta madhara miongo kadhaa baadaye kwa sababu mapatano yake hayakuandikwa.

Matokeo haya yanagusa kazi ya watahiniwa na wasomaji wa tasnifu moja kwa moja. Tasnifu nyingi zinazowasilishwa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko husema tu kwamba data zilichanganuliwa kwa R au kwa Python. Sentensi hiyo inataja mlango na kuinyamazia nyumba. Ujumlishaji wa namba za desimali ndani ya kompyuta hubadilika kidogo mpangilio wake ukibadilika, na matoleo tofauti ya BLAS hujumlisha kwa mpangilio tofauti. Hivyo msimbo uleule, kwa data zilezile, unaweza kutoa tarakimu za mwisho zisizofanana katika mashine mbili. Kwa kawaida tofauti hiyo haina uzito. Pale ambapo matriksi iko karibu na kukosa kinyume chake, inaweza kubeba hitimisho zima.

Insha inapendekeza mambo mawili yasiyo na gharama. La kwanza, sura ya mbinu za utafiti itaje toleo la lugha, toleo la maktaba, na BLAS na LAPACK zilizotumika. Amri ya sessionInfo katika R na show_config katika NumPy huyatoa maelezo hayo kwa sekunde moja. La pili, mtafiti anayeunganisha lugha mbili kwa mkono wake aupime mpaka kwa matriksi ya mraba isiyo linganifu, ambayo jibu lake analijua kabla ya kuliuliza. Kipimo hicho ni cha dakika chache, na ndicho kinachofichua kosa ambalo majaribio ya matriksi linganifu yangeliacha lipite hadi kwenye matokeo yaliyochapishwa.